Pikipiki ya kizamani oili haipandi kwenye hedi: mwongozo kamili wa kufuata njia za oili na kuzitengeneza

Umefungua vifuniko vya tapeti, umepiga kiki mara thelathini, roka (vile vyuma vya juu vinavyobonyeza valvu) kavu kabisa kama hazijawahi kuona oili tangu zitoke kiwandani. Mtu wa kwanza utakayemwambia atasema njia imeziba, wa pili atakupa kipande cha spoku uchomeke uzibue. Usiwasikilize bado.

Mi nimefungua injini za kizamani za kutosha na nachoweza kukwambia ni kwamba oili kutofika juu mara nyingi siyo tundu kuziba. Mara nyingi kuna gasketi imegeuzwa, oringi imesahaulika, pampu inanyonya hewa, au valvu ya presha imeganda ikiwa wazi oili yote inarudi chini kabla haijaenda kokote. Na hata pale palipoziba kweli, pameziba sehemu moja maalum ambayo inajulikana, siyo injini nzima. Kwahiyo kazi yote iko kwenye kufuata oili kwa njia yake yenyewe, kuanzia inaponyonywa mpaka inapomwagika, na kujua inaishia wapi. Ukishajua inaishia wapi, kutengeneza kwenyewe mara nyingi ni nusu siku tu.

Kwanza jua una injini ya aina gani

Hapa ndo watu wanarukaga na ndo wanapopotea. Kuna maswali mawili.

La kwanza, oili inakaa wapi? Kuna injini oili inakaa chini kwenye krankesi yenyewe (ile kesi ya chini ya injini), na kuna zile za sampu kavu ambazo oili inakaa kwenye tangi la pembeni, pampu ina pande mbili, upande mmoja unapeleka kwenye injini na mwingine unafyonza chini kurudisha kwenye tangi. Triumph 650 ni sampu kavu, Honda CB750 ya 1969 nayo ni sampu kavu. Honda CB350 ya silinda mbili, CG125, Yamaha XS650, hizo oili iko chini.

La pili, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inazungukia juu ya nini? Kama ni beringi za roli na gololi (CB350, XS650, CG125) injini haihitaji presha kubwa, inahitaji oili itiririke tu, hata ukifunga geji ya presha utaona namba ndogo na ukaogopa bure. Kama ni besi za kawaida, zile shelo nyembamba kama za gari (CB750, na konrodi za Triumph, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki), hapo presha ndo uhai wenyewe, ikishuka krenki inakwaruza chuma kwa chuma na dakika chache tu injini inanoki.

Tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako, fungua ule mchoro wa mzunguko wa oili, af uuchore upya mwenyewe kwa mkono kwenye kipande cha boksi. Najua inaonekana ushamba. Ila ukichora mwenyewe ndo unajua kwamba kwa mfano kwenye Triumph roka hazilishwi na upande wa pampu unaopeleka, zinalishwa na oili inayorudi kwenye tangi, kuna kitawi kidogo pale kwenye bomba la kurudishia. Sasa mtu asiyejua hilo roka zikikauka anashusha injini nzima anasafisha krenki, kumbe shida ni upande wa kurudisha haufyonzi vizuri au kale kabomba kembamba kamepondeka. Vilevile Honda nyingi za miaka hiyo oili inapanda hedi ikizunguka studi za silinda (zile bolti ndefu zinazobana silinda na hedi), yaani tundu la studi lenyewe ndo njia, hamna bomba lolote la kuona kwa nje. XS650 yenyewe ina bomba la nje mbele ya injini, hiyo ni rahisi.

Kabla hujashika spana: pima

Anza na kiwango cha oili, na pima kwa namna inayotakiwa. Sampu kavu pima mara tu baada ya injini kunguruma dakika kadhaa, kwasababu ikikaa wiki mbili oili inateleza polepole kupita kwenye pampu inashuka kwenye krankesi, tangi linaonekana tupu, we unaongeza lita nzima, ukiwasha oili ya chini inarudi juu na sasa imezidi inaanza kutapika kwenye kila tundu la kupumulia. Watu wameuza pikipiki kwa hili.

Kama ni sampu kavu, fungua mfuniko wa tangi injini ikiwa inanguruma, tazama bomba la kurudishia. Oili inatakiwa itoke kwa kurukaruka ikiwa na mapovu, inatema inapumzika inatema. Hiyo ni kawaida, upande wa kurudisha una nguvu kuliko wa kupeleka kwahiyo unafyonza na hewa. Ikitoka mfululizo bila povu lolote kwa muda mrefu, chini kulikuwa kumejaa. Isipotoka kabisa ndani ya dakika moja, zima. Usisubiri labda, zima.

Kwa injini ya oili chini, toa plagi za moto (spaki plagi), fungua vifuniko vya tapeti au legeza ile bolti ya bomba la hedi, af piga kiki taratibu. Plagi zikiwa nje injini ni nyepesi na haina mzigo, unaweza kupiga hata mara hamsini bila kuumiza kitu. Oili inatakiwa ianze kuchuruzika. Ikitokea upande mmoja wa hedi na mwingine mkavu, umeshapunguza kazi kwa nusu, shida iko baada ya njia kugawanyika.

Kama ni ya besi, tafuta geji ya presha ya mshale, siyo taa. Taa ya oili ni ya kukwambia umeshachelewa. Toa swichi ya presha, funga geji hapo kwa adapta yenye nyuzi sawasawa, washa, acha ipate moto haswa, manake oili baridi ni nzito na itakupa namba nzuri ya uongo. Triumph ya 650 yenye afya, ikiwa ya moto na iko sailensa (inanguruma taratibu bila kupewa resi) inakaa kama psi (kipimo cha presha) 20 hadi 25, na ikiwa inaendeshwa kawaida inafika 65 hadi 80. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake. Unachotafuta hasa ni tabia. Presha ikiwa nzuri baridi na ikaanguka vibaya ikipata moto, hiyo ni nafasi imezidi mahali, besi au bushi zimekwisha, au pampu. Presha ikiwa chini tangu mwanzo baridi na moto, hiyo ni valvu ya presha imeganda wazi au pampu inanyonya hewa. Presha ikiwa juu sana lakini roka kavu (siyo Triumph, ambayo roka zake zinalishwa na oili ya kurudi), sasa hapo ndo unaweza kuanza kufikiria kuziba, kwasababu oili inasukumwa na haina pa kwenda.

Angalia usiungue. Oili ya injini iliyopata moto ikikurukia mkononi inanata na inaendelea kuunguza, siyo kama maji.

Mwaga oili na uisome

Mwaga ikiwa ya moto, kwenye beseni safi, uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Pitisha sumaku. Unga unaoshikwa na sumaku ni chuma, gia au beringi au kamshafti. Unaong'aa rangi ya dhahabu na haushikwi ni bushi. Wa fedha usioshikwa ni alumini, pistoni au kesi. Vipande vyeusi laini vinavyopondeka kwa kucha ni sili au oringi zilizokufa. Na vile vikamba vya rangi, vyekundu au vya bluu au vya kijivu, vinavyovutika kama mpira, hiyo ni silikoni ya fundi aliyepita, na kama kikamba kimoja kiko kwenye beseni basi ujue kingine kiko kwenye njia.

Toa na chujio la chini. CG125 liko nyuma ya ule mfuniko mkubwa wenye springi, springi itakurukia usiipoteze. XS650 angalia wavu wa chujio la sampu kwa makini kwasababu una tabia ya kuchanika, na ukichanika takataka zote zinapita moja kwa moja kwenye pampu. Wavu uliochanika usiubandike na gundi, badilisha.

Pampu na valvu ya presha

Pampu za kizamani ziko za aina kadhaa lakini nyingi utakazokutana nazo ni ya rota mbili (moja ndani ya nyingine kama ua ndani ya ua) au ya pistoni. CB350 na Triumph wana za pistoni.

Ya rota: fungua, safisha, weka fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya ncha za rota ya ndani na ya nje, halafu kati ya rota ya nje na nyumba yake, halafu weka rula iliyonyooka juu upime nafasi ya pembeni. Tunazungumzia sehemu ya kumi au mbili za milimita, zaidi ya hapo kitabu kitakwambia kikomo. Mfuniko ukiwa na mikwaruzo ya mviringo, weka msasa namba 800 wenye oili juu ya kioo kinene, usugue kwa mwendo wa namba nane mpaka mikwaruzo ipotee, uoshe. Rota zenyewe zikiwa na mfereji wa kushika kucha, usihangaike, tafuta nyingine.

Ya pistoni: shida iko kwenye vigololi na viti vyake. Uchafu kidogo tu chini ya gololi na pampu inasukuma mbele inarudisha nyuma. Toa plagi ya nyuzi ya pampu, springi, gololi, safisha kiti kwa kijiti cha mti chenye kitambaa, usitumie chuma. Kiti kikiwa na alama, weka gololi (ya zamani, siyo mpya), simamisha kifimbo cha shaba juu yake, gonga mara moja. Mara moja ya uhakika, siyo kupigapiga kama unachonga. Af weka gololi mpya. Kisha jaza pampu oili, sukuma pistoni kwa kidole huku umeziba tundu la kutokea, inatakiwa igome. Ikizama taratibu, bado.

Na tazama vizuri sehemu pampu inapokaa kwenye krankesi. Gasketi yake au oringi zake zikiwa na upenyo upande wa kunyonya huwezi kuona oili ikivuja, kwasababu haivuji nje, inanyonya hewa ndani. Pampu nzima kabisa, inashindwa kwa karatasi ya gasketi iliyokunjika.

Valvu ya presha: fungua, pistoni yake inatakiwa iteleze kwa uzito wake tu ukiinamisha. Ikikwama hata kidogo, isugue na msasa namba 1000 wenye oili mpaka iteleze. Pima urefu wa springi ulinganishe na kitabu. Usiivute springi irefuke upate presha, hapo unadanganya geji tu.

Mahali uchafu unapojificha kwa makusudi

Injini nyingi za kizamani hazina filta ya karatasi, zilitengenezewa mtego. Krenki inazunguka, uchafu mzito unatupwa pembeni unabaki. Honda ndogo zina lile kopo la kuzunguka upande wa klachi, unafungua kava, unatoa kifuniko, unakuta kuta zimegandana tope la kijivu. Unakwangua na kijiti, unafuta, unarudisha, kazi imeisha. Ni kazi ya saa moja na wamiliki wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue.

Triumph ndo kazi. Mtego uko ndani ya krenki yenyewe, kuna kibomba kimelala ndani ya tundu la krenki, mwisho kuna plagi ya nyuzi yenye mfereji wa bisibisi pana, na plagi imegongwa nukta isifunguke. Ina maana injini ishushwe, kesi ipasuliwe, konrodi zitoke. Usifungue plagi kabla hujatoa ile bolti ya flaiwili inayopita na kushika kibomba, manake utapindisha kila kitu. Nukta iliyogongwa unaichimba kidogo na drili, unapasha moto sehemu ile, unatumia bisibisi ya kugonga na nyundo. Plagi ikitoka, kibomba hakitoki chenyewe, kimegandana. Mi niliingiza tepu (ile ya kukatia nyuzi) ndani yake ikashika, nikavuta taratibu huku nazungusha, kilitoka na sauti ya kama kizibo cha chupa. Ndani kulikuwa na tope zito, siyo oili nzito, TOPE, la kijivu linakatika kwa kisu kama sabuni ya mche, na katikati kumebaki kitundu cha kupita kalamu nyembamba. Injini ilikuwa inatembea hivohivo. Konrodi zilikuwa zinaishi kwa kitundu hicho.

Kurudisha: kibomba kina tundu lake la kushikwa na bolti, ukikiweka kimezunguka bolti haiingii, au mbaya zaidi inaingia kwa nguvu. Lenga kwanza kwa macho, ingiza bolti ya flaiwili ikiwa na gundi ya nyuzi, kaza kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu, af plagi nayo gundi ya nyuzi na nukta mpya.

Hapa niseme kuhusu zile dawa za kusafishia injini za kumimina ndani unanguruma dakika kumi. Kwenye injini yenye mtego uliojaa mi sitii. Dawa haiyeyushi tope lote, inalilegeza, na kipande kilicholegea kinaenda kutafuta tundu dogo kuliko chenyewe. Kama hujui historia ya injini, fungua mtego kwanza.

Kuosha njia zenyewe

Sasa uko na kesi tupu, silinda, hedi. Toa KILA kitu kinachoziba njia: plagi za nyuzi, vijeti (vidude vyenye kitundu kidogo cha kupunguza oili), pini, vibomba vya kulengea, swichi. Kona nyingi za njia za oili kiwandani walichimba kutoka nje wakaziba ule mlango, na uchafu unapenda kukaa nyuma ya mlango huo kwasababu oili haipiti pale kwa kasi. Plagi ya alumini iliyogoma, pasha moto kesi, siyo plagi.

Loweka kwenye mafuta ya taa au dizeli usiku kucha. Halafu brashi ndefu nyembamba ya nailoni. Ukikosa, kamba ya gitaa ile nene iliyosokotwa, inapinda kwenye kona na haikwaruzi sana. Spoku na waya mgumu acha, vinachimba alumini na kuacha kingo zinazoshika uchafu mpya, na kwenye tundu linaloingia kwenye besi ndo kabisa usiguse. Kama kuna kizibo kigumu kweli, chukua biti ya drili ndogo kuliko tundu, ipake grisi, izungushe kwa vidole, siyo kwa mashine. Grisi inabeba vipande.

Hewa ya kompresa piga kinyume na mwendo wa oili. Kama oili inatoka tundu kubwa kwenda dogo, we puliza kutoka dogo kwenda kubwa, la sivyo unazidi kukandamiza kizibo. Vaa miwani. Ziba matundu mengine kwa vidole au vitambaa, moja moja, uhakikishe hewa inatoka kila tawi kwa zamu yake, manake hewa ikipata njia moja rahisi haiendi kwingine na we utadhani kote ni safi.

Kisha osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo. Ndiyo, maji. Petroli na mafuta ya taa vinaondoa oili lakini vinaacha unga umebaki umeshikana na ukuta, sabuni ndo inautoa. Puliza ukauke, paka oili hapohapo kwenye vyuma visishike kutu.

Usipeleke kesi kupigwa mchanga wala vishanga vya kioo ili ing'ae, kama unajali injini. Vishanga vinaingia kwenye njia, vinakaa kimya, ukiwasha injini ikapata moto vinatoka mmoja mmoja kwenda kwenye besi. Kama umenunua kesi imeshapigwa, rudia kuosha kote mara tatu, na milango yote iwe wazi.

Jaribio la mwisho: bomba la sindano kubwa la mililita 60, kipande cha mpira wa tangi la samaki au mpira wowote mwembamba, jaza mafuta ya taa, bana kwenye tundu la kuingilia, sukuma. Chukua ile boksi uliyochora. Kila tundu ulilochora linatakiwa litoe mrija unaoruka, siyo matone. Tundu linalotoa matone rudi nalo. Na tundu ambalo hukulichora likitoa, hilo nalo lina habari yake, labda ni ufa.

Njia inapovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine

Hapa ndo pana makosa mengi kuliko kote na ndo nilipoumia mwenyewe. Kuna Honda moja niliifunga vizuri kabisa, kila kitu kipya, nikawasha hedi kavu. Nikafungua pampu, safi. Nikafungua tena filta, safi. Siku mbili. Kumbe gasketi ya chini ya silinda niliigeuza, kwa macho inaonekana iko sawa pande zote, matundu ya studi yote yanaingia, ila lile tundu moja la studi lenye nafasi kubwa ya oili lilikuwa upande wa pili, na upande wenye oili karatasi imebana studi haina nafasi hata ya unywele. Toka siku hiyo gasketi yoyote naiweka kavu kwanza, naingiza oili kwenye njia kwa kopo la mdomo mrefu, naangalia kama inatokea upande wa juu, ndo nafunga.

Mengine ya kuangalia hapo. Oringi za kuzunguka njia, zisahaulike moja tu oili inapotelea ndani ya injini bila kuvuja nje, hutaiona. Washa ya shaba chini ya nati ya hedi, kwenye injini zinazopandisha oili kwa studi, studi za upande huo zina washa ya shaba na nati zilizofunikwa kichwa, ukichanganya na za chuma oili inachuruzika juu ya mapezi ya silinda na presha ya hedi inaanguka. Vijeti, vile vidude vyenye kitundu cha sindano vinavyokaa kwenye njia ya kupanda hedi, hivyo vimewekwa vidogo makusudi. Usivipanue. Oili ikienda nyingi juu inaibiwa kutoka kwenye krenki, hedi inafurika, inashuka kwenye gaidi za valvu, pikipiki inaanza kutoa moshi wa bluu na unaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao umeutengeneza mwenyewe.

Triumph 650 za yuniti (injini na giaboksi kwenye kesi moja), 1963 na kuendelea, zina sili ndogo ndani ya kava ya taiming inayokumbatia ncha ya krenki. Oili yote ya krenki inapita pale. Sili ikiwa imekunjika mdomo wakati wa kufunga kava, presha inakimbilia ndani ya kava, konrodi zinakosa. Paka oili, ingiza kava taratibu ikiwa imenyooka, ikigoma toa utazame, usigonge.

Silikoni. Kama lazima uitumie, ni filamu nyembamba kwa kidole, na kuzunguka tundu la oili acha sentimita nzima bila kitu. Ile inayobubujika nje ukikaza, kiasi hichohicho kimebubujika ndani.

Njia ikiwa imeharibika kabisa

Nyuzi za alumini zikiwa zimekwisha kwenye swichi au bolti ya bomba, weka koili ya nyuzi (springi ya waya inayokuwa nyuzi mpya). Chimba ukiwa umejaza njia grisi, vipande vitabaki kwenye grisi, halafu osha tena kama mwanzo. Mlango wa njia usiofungika tena kwa kizibo cha kiwandani, piga nyuzi uweke plagi ya alen fupi na gundi ya nyuzi, ila kabla ya gundi ingia na tochi uone plagi haijaenda ndani sana ikaziba tawi la pembeni. Nimeshaona njia "iliyoziba" ambayo kilichoziba ni plagi ya ukarabati.

Ufa kwenye njia yenye presha, gundi za chuma kwa nje hazidumu, zinakufikisha nyumbani tu. Dawa ni kuchomelea kwa tigi (uchomeleaji wa umeme na gesi) na fundi anayejua alumini ya zamani, ambayo imenyonya oili miaka mingi, kwahiyo inabidi ipashwe moto ifutwe, ipashwe tena mpaka iache kutoa jasho la oili. Baada ya kuchomelea pitisha biti kwenye njia na upime kama uso wa kesi umepinda.

Washa za shaba za bolti za bomba, kama huna mpya, pasha mpaka ziwe nyekundu, acha zipoe, zinakuwa laini tena.

Na kama njia zote safi, pampu nzima, valvu nzima, na presha bado inaanguka ikipata moto, acha kutafuta njia. Pima besi kwa plastigeji (uzi laini unaopondeka kuonyesha nafasi), na bushi kwa vipimo vya kitabu. Oili inatokea pale kwenye nafasi iliyozidi, kama mpira wa maji wenye tundu kubwa katikati.

Kufunga na kuwasha

Jaza pampu oili kabla ya kuifunga, pampu kavu haivuti. Mimina oili kwenye kila njia unapopita, paka besi na kamshafti oili ya kutosha. Tumia oili ya uzito uliotajwa na kitabu, Triumph na wenzake wengi 20W-50 inawafaa, na kama klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo hakikisha kopo limeandikwa JASO MA (alama ya oili inayofaa klachi ya kwenye oili), la sivyo klachi itateleza na utaanza kulaumu springi.

Weka dabo stendi, plagi za moto nje, vifuniko vya tapeti wazi, piga kiki. Kama injini ina stata usiishikilie zaidi ya sekunde kumi kumi, ipumzishe. Subiri mpaka uone oili kwenye roka kwa macho yako, kila roka. Inaweza kuchukua muda, njia zote zilikuwa tupu. Nikifika kiki mia na hamna kitu, naacha, narudi kwenye jaribio la bomba la sindano, siwashi nikiomba Mungu.

Ikionekana, funga, washa, usipige resi, lakini usiiache sailensa ya chini sana pia, shikilia mzunguko wa kati ili pampu ifanye kazi. Macho kwenye geji au kwenye bomba la kurudishia. Dakika tano, zima, kagua uvujaji, kaza upya nati za hedi ikishapoa kama kitabu kinavyosema.

Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 50 hadi 80 tu, hata kama inaonekana mpya, kwasababu hata uoshe vipi kuna kitu kilibaki. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe kama mwanzo. Kama kitambaa kina unga kidogo wa kijivu, weka oili nyingine utembee kilomita 500 umwage tena. Kama kina kikamba cha silikoni, hicho ni chako safari hii, fungua vifuniko vya tapeti uhakikishe bado roka zote zinaloana.